Mawasiliano yako ya kwanza ya kimataifa kwa redio ya ridhaa ukiwa Mombasa: mwongozo kamili wa kanuni, hatua kwa hatua

Wanafunzi wa redio ya ridhaa, yaani redio ya kuwasiliana kwa shauku binafsi na bila malipo, wanaonijia hapa Mombasa hawakwami kwenye umeme wala kwenye antena. Hesabu za ukinzani wanazijua, waya wanaupima vizuri, na redio inawaka. Wanakwama pale wanapotaka kuzungumza kwa mara ya kwanza na mtu aliye nje ya Kenya. Mmoja hujibu mwito kwenye masafa ambayo kanda yetu haikupewa, mwingine hupeleka salamu za jirani kwa ndugu aliyeko Maskati akidhani anatenda wema, na wa tatu huandika saa isiyo sahihi katika daftari hata mawasiliano yake yakakosa kuthibitishwa na upande wa pili. Makosa yote matatu ni ya kanuni, na yote huepukika kabla kitufe cha kusemea hakijabonyezwa.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja tu: kufanya mawasiliano ya kwanza ya kimataifa kwa sauti, kutoka kituo kilichoko Mombasa, kwa namna ambayo Kanuni za Redio zinaikubali. Kanuni hizo hutolewa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano lenye makao Geneva, na zina nguvu ya mkataba baina ya nchi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usiwashe redio mpaka vitu hivi viwe mezani, kwa sababu kila kimoja kitahitajika katika hatua fulani na hakuna nafasi ya kukitafuta ukiwa hewani.

- Leseni yako ya redio ya ridhaa, yenye alama yako ya mwito, yaani jina la herufi na namba linalokitambulisha kituo chako hewani. Iwe karatasi yenyewe au nakala inayosomeka, si kumbukumbu ya kichwani.
- Redio ya masafa mafupi inayopokea na kutuma, pamoja na kitabu chake cha maelezo.
- Antena iliyopimwa kwa bendi utakayoitumia, na mita ya SWR ya kuihakiki, yaani kifaa kinachoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi badala ya kutoka kwenye antena.
- Jedwali la bendi za Kanda ya 1, lililochapishwa kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani mbele yako.
- Saa ya pili iliyowekwa wakati wa kimataifa, yaani UTC. Saa ya mkononi ya bei ndogo inatosha, mradi isiguswe tena baada ya kuwekwa.
- Daftari la mawasiliano lenye kurasa zilizoshonwa, na kalamu. Kompyuta ni nzuri, lakini umeme ukikatika daftari halizimiki.

## Hatua ya 1: Soma leseni yako kama mkataba

Ibara ya 18 ya Kanuni za Redio inakataza mtu binafsi kuweka au kuendesha kituo cha kutuma bila leseni iliyotolewa na serikali ya nchi yake au kwa niaba ya serikali hiyo. Kwa Kenya, mwenye mamlaka hayo ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, na ambayo ina ofisi ya kanda hapa Pwani.

ITU haikupi leseni. Inaweka mipaka ya jumla, kisha kila nchi inapima ujuzi wa waombaji, inaamua nguvu ya juu ya vituo, na inaamua kama mwombaji lazima ajue Morse, yaani kuandika herufi kwa milio mifupi na mirefu. Sharti la Morse kwa masafa yaliyo chini ya megahezi 30 liliacha kuwa la kimataifa katika mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2003, na tangu hapo kila nchi hujiamulia.

Kwa hiyo chukua leseni yako na upige mstari chini ya mambo matatu: bendi ulizoruhusiwa, wati ulizoruhusiwa, na mahali ulipoidhinishwa kuweka kituo. Pale ambapo leseni yako ni finyu kuliko jedwali la ITU, leseni ndiyo inayokubana.

Tahadhari. Kumiliki redio si kuruhusiwa kutuma. Vilevile, leseni ya Kenya haivuki mpaka pamoja nawe. Ukipita Lungalunga ukaingia Horohoro, au ukashuka Unguja, uko chini ya mamlaka ya Tanzania, na Ibara ya 25 inaiachia kila nchi kuamua kama itamruhusu mgeni mwenye leseni ya kwingine kutuma kwa muda. Ujirani wetu na undugu wetu haubadilishi hilo. Omba kibali kabla ya safari.

Umefaulu ukiweza kumwambia mtu, bila kutazama karatasi, ni bendi zipi unazoruhusiwa na kwa wati ngapi.

## Hatua ya 2: Jua kanda yako na kingo za bendi

Hapa ndipo wengi huanguka, basi tusiharakishe.

ITU imeigawa dunia katika kanda 3 kwa ajili ya kugawa masafa. Afrika, Ulaya na nchi za Kiarabu zimo katika Kanda ya 1. Amerika ya Kaskazini na ya Kusini ziko Kanda ya 2. India, Iran, China, Japani na Australia ziko Kanda ya 3. Ibara ya 5 ya Kanuni ina jedwali refu linalotaja kila kipande cha masafa na huduma iliyopewa katika kila kanda, na si kila kipande kinafanana pande zote.

Bendi ya mita 40 (jina hutokana na urefu wa wimbi) ndiyo mtego mkubwa. Sisi wa Kanda ya 1 tumepewa kilohezi 7,000 hadi 7,200. Wenzetu wa Amerika wamepewa hadi 7,300. Kuanzia 7,200 kwenda juu, upande wetu ni masafa ya vituo vya utangazaji. Usiku, ukiwa Nyali au Changamwe, unaweza kumsikia Mmarekani akiita kwenye 7,250, na yeye yumo ndani ya haki yake kabisa. Ukimjibu papo hapo, wewe ndiye uliyevunja kanuni, hata kama yeye amefurahi kukupata. Mwenye kuelewa tofauti hii hutangaza kwamba anasikiliza chini ya 7,200. Hapo unapokea kwenye masafa yake na kutuma kwenye yale aliyoyataja, kwa kutumia sehemu ya redio inayotenganisha masafa ya kupokea na ya kutuma.

Kwa mawasiliano ya kwanza nashauri bendi zinazofanana katika kanda zote tatu, ili usiwe na hesabu mbili kichwani. Bendi ya mita 20, kilohezi 14,000 hadi 14,350, ndiyo niipendayo kumwanzishia mwanafunzi. Ya mita 15 ni 21,000 hadi 21,450, na ya mita 10 ni 28,000 hadi 29,700. Hizi mbili hufunguka vizuri mchana jua linapokuwa na madoa mengi.

Bendi ya mita 30, kilohezi 10,100 hadi 10,150, ina sharti la ziada kwa sababu sisi ni wageni mle. Huduma ya ridhaa imepewa daraja la pili, maana yake hairuhusiwi kuwasumbua wenye daraja la kwanza, wala haiwezi kulalamika ikisumbuliwa nao. Kipande cha 5,351.5 hadi 5,366.5, kilichoongezwa na mkutano wa dunia wa mwaka 2015, nacho ni cha daraja la pili na nguvu yake ni ndogo mno. Usikiguse ila leseni yako iwe imekitaja.

Kisha kuna jambo ambalo vitabu vingi hulitaja kwa mstari mmoja, nami nimeona likiwaangusha hata wakongwe. Namba inayoonekana kwenye kioo cha redio si mahali pote ambapo sauti yako inakaa. Sauti ya SSB, yaani inayotumwa kwa upande mmoja tu wa masafa, wa juu au wa chini, huchukua karibu kilohezi 2.7. Kwenye bendi ya mita 20 tunatumia upande wa juu, hivyo kioo kikisoma 14,349 sauti yako inafika 14,351.7, nje ya bendi. Usipite 14,347. Kwenye mita 40 tunatumia upande wa chini, na hapo sauti hushuka kutoka kwenye namba unayoiona.

Tahadhari kwa watu wa Pwani. Redio ndogo za mkononi zinazouzwa madukani hufunguka kutoka megahezi 136 hadi 174, na mwenye nayo hudhani kwamba kila namba inayoingia ni yake. Bendi ya ridhaa ya mita 2 katika Kanda ya 1 ni megahezi 144 hadi 146 tu. Chaneli ya 16 ya meli, ambayo ni ya dharura na mwito, iko 156.8, na mji huu una bandari ya Kilindini na kivuko cha Likoni. Anayejaribu redio yake kwenye masafa hayo kwa mzaha anaweza kufunika sauti ya mtu anayezama.

Zaidi ya kanuni za ITU, kuna mpango wa bendi wa IARU, muungano wa kimataifa wa vyama vya redio ya ridhaa. Huo ni mapatano ya wenyewe kwa wenyewe, si mkataba wa nchi, lakini anayeuvunja huonekana kama aliyeegesha gari katikati ya njia. Usizungumze kati ya 14,099 na 14,101, kwa sababu pametengwa kwa vituo vya bikoni, vinavyorusha ishara za kupimia hali ya mawimbi. Usizungumze karibu na 14,074, ambako watu wa FT8, aina ya mawasiliano ya maandishi kwa kompyuta, wamejaa. Sauti ianzie 14,112 kwenda juu.

Umefaulu ukipewa namba yoyote kwenye mita 40 au 20 nawe ukasema, mara moja, kama unaweza kutuma hapo kwa sauti au la, na kwa nini.

## Hatua ya 3: Antena na nguvu

Waya wa nusu urefu wa wimbi kwa bendi ya mita 20 una takriban mita 10 kutoka ncha hadi ncha: gawanya 142.5 kwa megahezi unayoitaka, jibu ni mita. Minazi miwili iliyoachana vizuri hutosha kuubeba. Usiupitishe juu, chini wala karibu na nyaya za umeme. Waya ukikatika upepo wa kusi ukivuma, utaangukia ulipo umeme. Viungio vifunge vizuri dhidi ya chumvi ya bahari, na wakati wa radi za masika uchomoe kabisa.

Ibara ya 15 inakutaka utumie nguvu ile tu inayohitajika kwa mawasiliano kufanikiwa. Wati 100 si lazima kila siku. Anza na 50, uongeze ukiombwa. Kama televisheni ya jirani inatetemeka kila unaposema, simama utafute sababu kabla ya kuendelea, hata kama unaamini kwamba kosa ni la televisheni.

Pima antena kwa nguvu ndogo, kwa sekunde chache, mahali patupu ndani ya bendi, na utaje alama yako ya mwito. Ibara hiyohiyo inakataza utumaji usio na haja na utumaji usio na utambulisho, na kupima kimyakimya ni vyote viwili.

## Hatua ya 4: Sikiliza, kisha piga hodi

Kaa saa nzima bila kutuma. Nasema saa nzima kwa makusudi, kwa kuwa dakika tano hazikufunzi kitu.

Anza na 14,100, ambako vituo 18 vya bikoni vilivyotawanywa duniani hupokezana, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko mzima huchukua dakika 3. Kila kituo hutaja alama yake kwa Morse kisha hutuma milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, na wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. Ukisikia milio miwili ya ZS6DN ya Afrika Kusini au 4S7B ya Sri Lanka, unajua njia ya huko iko wazi na wati 10 zingekutosha. Kenya ina chake, 5Z4B, upande wa Nairobi. Usishangae usipokisikia kutoka Mombasa, kwa kuwa mawimbi ya bendi hii huruka juu yetu na kutua mbali zaidi.

Halafu tafuta sehemu tulivu kwenye eneo la sauti. Mswahili haingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi, na hewani ni vivyo hivyo: uliza kama masafa yana mtu, taja alama yako, ngoja, uulize tena. Unaweza kutomsikia mmoja wa wanaozungumza kwa sababu mawimbi yake yanakuruka, ilhali mwenzake yuko kimya akimsikiliza. Kuuliza mara mbili na kungoja kunampa nafasi ya kukujibu. Ukijibiwa kwamba pana watu, shukuru uondoke.

Umefaulu ukiweza kutaja nchi tatu ulizozisikia, na umepata masafa ambayo hakuna aliyekujibu ulipobisha hodi mara mbili.

## Hatua ya 5: Jitambulishe ipasavyo

Ibara ya 19 ya Kanuni inagawa herufi za mwanzo za alama za mwito kwa nchi. Kenya imepewa mfululizo wa 5YA hadi 5ZZ, na wanaredio wa ridhaa wa Kenya hujulikana zaidi kwa 5Z4. Tanzania ni 5H na 5I, Uganda 5X, Rwanda 9X, Oman A4. Ukizijua hizi, unajua umempata nani kabla hajakutajia mji.

Ibara ya 25 inataka kituo kitaje alama yake mara kwa mara, kwa vipindi vifupi, wakati wa utumaji. Haikuweka dakika, nchi huziweka zenyewe, na Marekani kwa mfano imeweka 10. Mimi huwafunza watu kuitaja mwanzoni, mwishoni, na kila baada ya dakika chache katikati, kwa sababu hakuna nchi itakayokulaumu kwa kujitambulisha mno.

Taja herufi kwa alfabeti ya kimataifa iliyomo katika Kanuni, si kwa majina ya watoto wako wala ya matunda. Mwito wa kumwita yeyote anayekusikia ni CQ. Kwa alama ya mfano 5Z4XXX, utasema hivi:

"CQ, CQ, CQ. Huyu ni five Zulu four X-ray X-ray X-ray, five Zulu four X-ray X-ray X-ray, kutoka Mombasa, nasikiliza."

Achia kitufe. Ngoja sekunde 5 kamili. Rudia mara mbili au tatu, si zaidi, kisha sikiliza kwa muda mrefu. Ukijibiwa, rudia alama ya mwenzako nzima, umpe ripoti ya kusikika kwake, jina lako la kwanza na mji wako. Wengi watakuuliza mraba wako wa ramani, yaani msimbo wa herufi na namba unaoonyesha eneo ulipo. Kisiwa cha Mombasa kimo katika KI95.

Tahadhari. Ukisikia nusu ya alama, usibahatishe nusu iliyobaki. Uliza tena. Alama iliyokosewa ni mawasiliano ambayo hayakutokea.

## Hatua ya 6: Jua la kusema na la kuacha

Kanuni zinaieleza huduma ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza ufundi, inayofanywa na watu walioidhinishwa, kwa shauku yao binafsi na bila maslahi ya fedha. Kila jibu katika hatua hii linatokana na maneno hayo.

Yanayofaa. Mazungumzo ya kimataifa yabaki kwenye mambo ya huduma yenyewe na maneno ya kibinafsi: redio yako, antena yako, hali ya mawimbi, hali ya hewa, kazi uifanyayo, miaka uliyo hewani. Unaweza kumweleza mtu wa Ufini jinsi kaskazi inavyovuma na madau yanavyoingia Bandari ya Kale. Hayo ni maneno ya mtu kwa mtu.

Lugha. Hakuna kifungu kinachokulazimisha kusema Kiingereza. Kiswahili ni lugha iliyo wazi, yenye kamusi na mamilioni ya wasemaji, na nimefurahi kila nilipokisikia kwenye mita 20 kutoka Dar es Salaam au Bujumbura. Kinachokatazwa na Ibara ya 25 ni kufunga ujumbe kwa namna ya kuficha maana yake. Basi kile kinyume tulichochezea utotoni, cha kugeuza silabi ili wakubwa wasituelewe, hakina nafasi hewani. Mafumbo nayo tuyaachie kanga na taarabu. Vifupisho kama QTH (mahali ulipo) na QSL (nathibitisha kupokea) havikatazwi, kwa sababu maana yake imechapishwa na iko wazi kwa kila mtu; havifichi kitu.

Ujumbe wa mtu wa tatu. Hili ndilo linaloniumiza zaidi kulisahihisha, kwa sababu anayekosea huwa na nia njema. Pwani hii ina jamaa Oman, Emirati na Uingereza. Jirani akijua kwamba umempata mtu Maskati, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka hapa, atakuomba umfikishie salamu nduguye. Hairuhusiwi. Ibara ya 25 inasema vituo vya ridhaa vinaweza kupeleka mawasiliano ya kimataifa kwa niaba ya watu wa tatu katika dharura au misaada ya maafa tu. Kila nchi inaweza kuamua namna kifungu hicho kitakavyotumika kwa vituo vyake, lakini ruhusa aliyonayo mwenzako wa ng'ambo si ruhusa yako. Kumpa jirani kipaza sauti aseme mwenyewe hakuliondoi tatizo, kwa sababu bado ni ujumbe wake na yeye hana leseni. Mwambie kwa upole kwamba simu ipo, na kwamba leseni yako ni amana uliyopewa kwa masharti.

Fedha. Niliwahi kuombwa na mchuuzi wa samaki nimuulizie bei ya kamba upande wa pili wa mpaka, kwa ahadi ya kilo mbili kila wiki. Nilikataa, na si kwa sababu ya zile kilo mbili peke yake: hata bila malipo, hiyo ni biashara, na biashara ina masafa na leseni zake.

Unayoyasikia. Ibara ya 17 inalinda siri ya mawasiliano yasiyokusudiwa umma. Redio yako ikinasa mazungumzo ya meli na wakala wake, usiyarekodi na kuyasambaza kwenye WhatsApp. Yakishakufikia kwa bahati, yaishie kwako.

Zima pia muziki unaocheza chumbani kabla ya kubonyeza kitufe. Kituo chako si cha utangazaji.

Umefaulu ikiwa mtu yeyote asiyekujua angeweza kusikia mazungumzo yako yote, akayaelewa, na asione ndani yake bei, siri, wala ujumbe wa mtu asiye mwanaredio.

## Hatua ya 7: Andika saa ya kimataifa, si saa ya Mombasa

Mawasiliano yanapothibitishwa, kwa kadi au kwa kompyuta, madaftari mawili hulinganishwa: alama, bendi, aina ya utumaji, tarehe na saa. Saa zikitofautiana sana, mawasiliano hayathibitishwi. Sisi tuna ugumu ambao mtu wa Berlin hana, kwa sababu tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, saa yetu ya ukutani inahesabu kuanzia usiku wa manane, na UTC iko nyuma ya saa hiyo kwa saa 3.

Usipitie njia ndefu ya kubadilisha mara mbili. Tumia hesabu hii:

- Saa za mchana za Kiswahili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni: ongeza 3. Saa mbili asubuhi ni 05:00 UTC. Saa kumi alasiri ni 13:00 UTC.
- Saa za usiku, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri: ongeza 15. Saa mbili usiku ni 17:00 UTC. Jibu likifika 24 au kuzidi, toa 24. Saa kumi alfajiri ni 10 na 15, yaani 25, ukitoa 24 unabaki na 01:00 UTC.

Tarehe ndiyo mtego wa pili. Siku ya UTC inabadilika kwetu saa tisa usiku. Kwa hiyo kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, simu yako inaonyesha tarehe mpya lakini daftari lako lazima liandike tarehe ya jana. Na kwa wale wanaohesabu siku kuanzia magharibi, kama walivyotufunza wazee, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Usiuandike Ijumaa mpaka UTC yenyewe iingie Ijumaa. Ndiyo maana nikasema uwe na saa ya pili mezani. Isome hiyo, uiandike hiyo, na usibadilishe chochote kichwani ukiwa na furaha ya kumpata mtu.

Umefaulu ikiwa mstari wa daftari una tarehe na saa ya UTC, alama ya mwenzako, masafa, aina ya utumaji, ripoti mlizopeana na jina lake, na mwenzako akathibitisha bila kuuliza swali.

## Dharura inabadilisha nini

Ibara ya 4 inasema kwamba hakuna kifungu kinachomzuia aliye hatarini, au anayemsaidia, kutumia njia yoyote ya redio aliyo nayo kuita msaada na kujulisha alipo. Hapo mipaka ya bendi na katazo la ujumbe wa watu wa tatu hulegea, kwa ajili ya uhai.

IARU imetaja masafa ya kukutania wakati wa dharura: 3,760, 7,110, 14,300, 18,160 na 21,360, yote kwa kilohezi. Ukisikia shughuli ya uokoaji karibu na hapo, nyamaza usikilize. Ukisikia wito wa msaada usiojibiwa, andika kila neno pamoja na saa, jibu, na upige simu kwa wenye kazi hiyo. Kwa jambo la baharini, Mombasa ina Kituo cha Kanda cha Uratibu wa Uokoaji. Ishara za uongo au za kupotosha zimekatazwa na Ibara ya 15, hivyo mazoezi ya maafa yafunguliwe na kufungwa kwa tamko kwamba ni mazoezi.

## Ukigundua umekosea

Achia kitufe. Ukiwa nje ya bendi, usiendelee kutuma hapo ili kuomba radhi, kwa sababu kila neno la radhi ni kosa jingine. Rudi ndani ya bendi kwanza. Ukiambiwa kwamba unawasumbua watu, hama, hata kama unaamini ulitangulia.

Andika kosa katika daftari: saa, masafa, lililotokea, na ulichofanya. Mamlaka ikikuandikia barua kuhusu utumaji wako, mstari huo utakuwa umeandikwa siku ileile, kwa mkono wako, kabla hujaulizwa. Upeleke pamoja na majibu yako.

Kisha pima tena redio kwa nguvu ndogo, hakikisha namba kwenye kioo na upande wa sauti uliochagua, na urudi Hatua ya 4.